Tochi ya laki tatu na tochi ya elfu kumi: unalipia nini hasa?

Ukipita Mtaa wa Kongo pale Kariakoo jioni, utakuta meza ya machinga ina tochi za kila umbo, na juu ya boksi mojawapo pameandikwa lumeni 100,000. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi. Bei ni 12,000, ukibishana unapewa kwa 10,000. Ukirudi nyumbani na kuperuzi mtandaoni, unakutana na tochi ya Fenix PD36R, toleo la kwanza. Mtengenezaji wake anatangaza lumeni 1,600 tu, na anataka karibu dola 100, yaani kama laki mbili na nusu kabla ya usafiri na ushuru. Hapo mtu yeyote atauliza: iweje yenye namba ndogo ndiyo iwe ghali mara 20?

Jibu linaanza na hesabu ya darasani. LED nzuri ya leo hutoa takriban lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Ili upate lumeni 100,000 unahitaji wati 800 hivi, yaani umekaribia kabisa pasi ya umeme. Tochi ile ya machinga ina betri moja ya lithiamu, ya aina inayoitwa 18650, ambayo ikiwa nzima na halali hubeba wati-saa 12 hivi. Kwa wati 800 betri hiyo ingekwisha kabla ya dakika moja, na kiganja chako kingeshaungua. Namba ya kwenye boksi ni porojo. Ukiipima tochi hiyo kwa kifaa, mara nyingi utapata lumeni mia chache.

Kwa hiyo weka lumeni pembeni kwanza. Ninaposhindanisha tochi za bei tofauti, ninaangalia betri, saketi inayoisimamia betri hiyo, na namna joto linavyotoka. Tofauti ya bei imejificha humo.

Tochi ya bei rahisi, ikifunguliwa

Chukua ile ya plastiki yenye plagi ya pini mbili inayochomoza kutoka kwenye mwili wake. Fungua skrubu zake na utaona mambo machache sana: kibetri cha risasi na asidi cha volti 4, waya mwekundu na mweusi zilizochomelewa harakaharaka, LED kadhaa, na kibao kidogo chenye kapasita moja. Hakuna transfoma. Umeme wa ukutani unapunguzwa na kapasita hiyo tu, haujatengwa na sehemu nyingine za tochi. Ndiyo maana tochi hizi hazifai kushikwashikwa zikiwa kwenye chaji, na mtoto asiziguse kabisa zikiwa ukutani.

Ubaya wa pili uko kwenye betri yenyewe. Betri ya risasi haipendi kukaa tupu. Mgao unapoisha na umeme ukarudi, watu wengi huirudisha tochi kabatini ikiwa imebaki na chaji kidogo. Ndani yake salfeti inaganda kwenye sahani za risasi, na mgao mwingine ukija tochi inawaka dakika tano. Watu husema "tochi za siku hizi hazidumu". Ukweli ni kwamba inafia kabatini. Kama unayo, ichaji mara moja kwa mwezi hata kama hukuitumia, na utaona inavyoongeza maisha.

Kuna tochi nyingine ya bei rahisi ambayo mimi ninaiheshimu: ile ya kawaida kabisa, LED moja, betri mbili ndogo za AA, kama zile za saa ya ukutani. Haijisifii. Betri zake zinapatikana kila kioski, kuanzia Tunduru hadi Lodwar. Kosa lake ni kwamba mwanga unaanza kufifia tangu dakika za mwanzo na kuendelea kufifia hadi unabaki ule hafifu wa kutafutia ndala chini ya kitanda. Betri zake za zinki pia huvuja zikisahaulika humo ndani, kwa hiyo zitoe kama hutaitumia kwa wiki kadhaa.

Halafu kuna hizi za kuvuta kichwa mbele na nyuma, zinazojiita za zoom. Vuta kichwa mpaka mwisho, elekeza ukutani, na utaona mraba wa mwanga wenye mistari. Ule mraba ni picha ya LED yenyewe. Mteja hufurahi kuona mwanga unafika mbali, lakini kioo kikivutwa mbele, mwanga mwingi unapotelea ndani ya kichwa cha tochi, na ile nafasi ya kuteleza ndiyo njia ya maji na vumbi. Boksi likiandika XHP160 au XHP360, jua ni mbwembwe za wauzaji. Cree ya Marekani ilitengeneza XHP50 na XHP70, haikutengeneza hizo nyingine.

Ukiongeza hela, nini kinaongezeka

Cha kwanza ni uthabiti. Tochi yenye saketi nzuri hushika mwanga uleule kwa saa kadhaa huku betri ikishuka, kisha hushuka kwa hatua na kukuonya. Washa tochi mbili pamoja saa moja jioni, ya elfu kumi na ya elfu themanini, zote zikionekana sawa. Ifikapo saa mbili na nusu, ya kwanza imeshalegea, ya pili bado iko palepale. Kwa mtu anayetembea saa nzima kutoka kwenye kituo cha basi hadi kwake, hilo lina thamani kuliko lumeni zozote za kuwashangaza majirani.

Cha pili ni ngazi za chini za mwanga. Tochi rahisi ina kali, hafifu, na ile ya kuwakawaka ambayo sijawahi kumwona mtu anaihitaji. Tochi nzuri ina ngazi ya lumeni 1 au chini ya hapo, ya kuangalia mtoto amelala bila kumwamsha, na inaweza kuwaka hivyo kwa siku nyingi. Hii ngazi ya chini ndiyo utakayoitumia zaidi nyumbani, na matangazo hayaitaji.

Cha tatu ni joto. Mwili wa alumini hubeba joto la LED hadi mkononi mwako, na mkono wako unalipoza. Plastiki inalifungia ndani. Lakini hapa hata tochi ghali zina ujanja wao: lumeni 1,600 au 2,000 zilizoandikwa hushikiliwa kwa dakika chache tu, kisha saketi inapunguza mwanga ili tochi isiungue. Kanuni za upimaji ziitwazo FL 1, zilizotoka Marekani mwaka 2009, zinataka lumeni zipimwe kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka uhesabiwe mpaka mwanga ubaki asilimia 10. Kwa hiyo "saa 3 za lumeni 1,600" maana yake huenda ni dakika tatu za lumeni 1,600, halafu muda wote uliobaki ni wa lumeni mia kadhaa. Si uongo, ila soma grafu ya mtengenezaji kama ameiweka. Asiyeiweka kabisa, mtilie shaka.

Na hata jicho lako lina lake. Mwanga ukiongezwa mara mbili, jicho linaona nyongeza kidogo tu. Ili jicho lione mwanga umekuwa mara mbili, unahitaji kama mara nne ya lumeni. Tofauti kati ya lumeni 1,000 na 1,600 gizani ni ndogo mno kuilipia laki moja zaidi.

Umbali nao una hesabu yake. Tafuta namba ya kandela, yaani ukali wa mwale pale unapoelekezwa, chukua kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2, unapata mita. Kandela 10,000 ni mita 200. Lakini huo ni umbali ambao mwanga umebaki kama wa mbalamwezi. Kumtambua mtu kwa sura, gawanya kwa tatu.

Kundi la katikati

Kati ya elfu kumi na laki tatu pana kundi ambalo maduka yetu mengi hayaliuzi: Convoy, Sofirn, Wurkkos. Zote ni za Uchina, na bei yake ni dola 15 hadi 35, yaani takriban 40,000 hadi 90,000 kabla ya usafiri. Convoy S2+ ni bomba la alumini, kikombe cha kurudishia mwanga, LED na saketi. Basi. Ya asili haina hata tundu la chaji, unahitaji chaja ya pembeni. Lakini kila kipuri kinauzwa peke yake, na fundi yeyote wa simu anayejua kushika chuma cha kuchomelea anaweza kuibadilisha LED au saketi. Wurkkos FC11 ina tundu la Type-C kama la simu yako, na sumaku kwenye kitako: unaibandika kwenye boneti ya gari na mikono yote miwili inabaki huru. Sofirn SC31 Pro ni ndugu wa karibu wa hiyo.

Ulinganisho wangu wa kweli uko hapa. Kutoka tochi ya 10,000 kwenda ya 70,000, unapanda ngazi ndefu: mwanga thabiti, ngazi za chini, betri inayobadilishika, kuzuia maji kwa oringi (pete za mpira) zenye grisi. Kutoka 70,000 kwenda 300,000, unapanda ngazi fupi sana. Unapata kazi safi zaidi ya mashine, swichi isiyoyumba, kuzuia maji kulikopimwa kweli, na kampuni inayojibu barua. Mwanga wenyewe? Waweke watu kumi gizani bila kuwaambia ipi ni ipi, na wengi hawataitambua ya ghali.

Ghali na kero zake za kwetu

Tochi ghali nyingi zilibuniwa kwa mtu anayeishi karibu na duka la betri zake. SureFire ya California, kwa mfano, ilijijengea jina kwa betri za CR123A za volti 3, zisizochajiwa. Ni betri nzuri sana, zinakaa miaka kabatini bila kuvuja, ila jaribu kuzitafuta Songea. Olight nyingi zinachajiwa kwa waya wake maalumu wa sumaku, na baadhi ya betri zake zina ncha zote mbili upande mmoja, hivyo ukipoteza waya au betri ikichoka huendi kwa jirani kuazima. Fenix na wenzake hutumia betri za 18650 au 21700 (kubwa kidogo kuliko 18650) za kawaida na tundu la Type-C. Kama umeamua kutumia hela, hilo litazame kwanza kuliko jina.

Dhamana pia ipime kwa gharama ya posta. Dhamana ya miaka mitano haina uzito sana kama kuirudisha tochi Shenzhen kutoka Mbeya kunakaribia bei ya tochi mpya ya kundi la katikati.

Maglite ni kisa cha peke yake. Ilianza kuuzwa mwaka 1979 huko California, na ile ndefu ya betri kubwa imeshikwa na walinzi na polisi wa nchi nyingi. Kwa mlinzi wa geti ina mantiki yake hata leo: betri kubwa zinapatikana kila duka, mwili hauvunjiki, na uzito wake unajulikana na kila mwizi.

Basi nani anunue ipi?

Kwa nyumba ya kawaida ambayo umeme hukatika, ushauri wangu ni wa kukatisha tamaa wauzaji wa tochi: nunua taa ya sola au ya kuchaji ya kumulika chumba, na tochi moja ya kawaida ya mlangoni. Tochi humulika sehemu ndogo tu, familia inahitaji kumulika meza nzima. Ukiwa na tochi tu, isimamishe wima imulike dari, chumba kizima kitapata nuru.

Simu inatosha kwa kutafuta funguo. Mwanga wake ni wa lumeni 50 hivi, umetawanyika, hauvuki uwanja, na unakula chaji ya kitu utakachokihitaji kupiga simu. Tena simu ikiteleza kwenye choo cha shimo, hasara yake inapita tochi yoyote iliyotajwa hapa.

Anayetembea usiku kijijini nitamsemea kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapo tochi ni afya. Kifutu hulala katikati ya njia na hakimbii ukija, anategemea rangi yake ifanane na udongo na majani makavu. Mwanga mweupe-bluu wa LED rahisi hupausha kila kitu, udongo, jani na nyoka vinakuwa rangi moja ya majivu. Kwenye maelezo ya tochi za katikati utaona namba ya CRI, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi. Ikiwa 90 au zaidi, kama zile zenye LED ya Nichia 519A, rangi zinaonekana karibu na zilivyo mchana. Chagua yenye joto la rangi la Kelvini 4,000 hadi 5,000, yaani mwanga usio wa manjano sana wala wa bluu, na mwanga mpana unaofunika njia nzima mbele ya miguu, siyo ule wa kuchoma mita 500. Ni tochi ya 60,000 au 80,000. Ghali zaidi ya hapo haikuongezei usalama wowote dhidi ya nyoka, na tochi nyingi za ghali zina CRI ya 70 tu kwa sababu zinakimbiza lumeni.

Kilimanjaro ni habari nyingine. Watu huanza kupanda kileleni karibu na saa sita usiku, kutoka Kibo kwenye mita 4,720 kuelekea Uhuru kwenye mita 5,895, na baridi iko chini ya sifuri. Mikono imeshika fimbo, hivyo tochi ni ya kichwani. Lumeni 200 hadi 300 zinatosha sana, kwani unamulika visigino vya aliye mbele yako. Kinachoshinda ni betri: alkalini hulegea kwenye baridi, lithiamu zisizochajiwa hustahimili vizuri zaidi. Petzl ya Ufaransa au Black Diamond ya Marekani hapa inalipa bei yake, hasa kwa mwongozaji anayepanda msimu mzima. Anayepanda mara moja maishani aazime au akodishe Moshi, kisha aweke betri za akiba kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Mchimbaji mdogo wa Mererani au Geita anayeshuka shimoni anastahili tochi ya kichwani iliyo nzuri kuliko ya mwanasheria anayekusanya tochi Masaki, na awe na ya pili mfukoni. Uchungu ni kwamba mara nyingi mambo yako kinyume.

Sasa wapenzi wa tochi. Wapo, na wanaongezeka. Mtu anayependa saa haulizwi kama inasoma muda vizuri kuliko ya simu, basi na huyu asiulizwe. Titani, shaba, swichi zinazopangwa kwa kubofya mara nne au saba, tochi za leza nyeupe zinazotupa mwale mwembamba zaidi ya kilomita moja: hizo ni starehe, na starehe ina bei yake. Ila kama ndiyo unaanza, Convoy mbili zenye LED tofauti, moja ya mwanga wa joto na nyingine ya baridi, zitakufundisha kuhusu mwanga kuliko moja ya laki nne. Baada ya hapo utajua kama kweli unataka ya laki nne, na ipi.

Usisahau betri

Ningekuwa na 90,000 ya kutumia, ningegawa hivi: tochi 55,000, betri mbili halali na kikasha chake kwa zilizobaki. Watu hufanya kinyume, wananunua tochi nzuri kisha wanaitumbukizia betri ya 3,000 iliyoandikwa 9,900 mAh. Hakuna 18650 ya namna hiyo duniani. Halali nyingi zinaishia kwenye 3,500 mAh hivi, na 21700 kwenye 5,000 au zaidi kidogo. Iweke kwenye mizani ya sonara: 18650 halali ina gramu 45 hivi. Ikisoma 25 au 30, umeshikishwa kopo. Zipo zilizopasuliwa zikakutwa na kibetri kidogo ndani na unga umejazwa pembeni.

Mafundi wengi huchomoa betri hizi kwenye betri za laptop zilizokufa, na mara nyingi ndani ya sita utapata tatu au nne nzima, za watengenezaji wakubwa. Si wazo baya ukiwa na mita ya kupimia volti. Pima kila moja: iliyoshuka chini ya volti 2.5 usiichaji, peleka panapopokelewa taka za umeme. Iliyojaa haipaswi kuzidi volti 4.2. Na kwa kuwa nyingi za hizo hazina kinga yake ndani, zitumie kwenye tochi ambayo saketi yake inajizima betri ikikaribia kuisha. Tochi za machinga nyingi hazijizimi, zinainyonya betri mpaka inakufa.

Kuagiza kuna mtego mmoja wa mwisho. Wasafirishaji wengi hukataa betri za lithiamu zilizo peke yake, lakini huzikubali zikiwa ndani ya tochi, kwa hiyo agiza tochi inayouzwa pamoja na betri yake hata kama inaongeza dola tano. Ukimtuma ndugu anayetoka Guangzhou au Dubai, mwambie betri za akiba ziingie kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaopimwa, kila moja kwenye kikasha chake cha plastiki, ncha zisigusane na funguo wala sarafu.